Saruji Uliyoumwagia Mti Wetu

Kijiji cha Nanpo,
Milima ya Lincang,
Yunnan.
6 Aprili, 2019.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Guangzhou, wewe na Mama Mkubwa, na kwamba shinikizo la damu limekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo kwa mwili. Bibi anakula vizuri, na magoti yake yametulia tangu baridi ipungue. Jana tulifagia makaburi. Tulimmiminia Babu pombe, tukamchomea karatasi zake za pesa za wafu, na jina lako likatajwa kwanza, kama inavyomstahili mzaliwa wa kwanza.

Baada ya hayo, nisamehe, sina maneno ya kupoza. Mti wetu wa chai unakufa, Baba Mkubwa, na anayeuua ni wewe.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe husema na mimi huitikia. Kwenye karatasi huenda ukanisikiliza hadi mwisho.

Wakati kama huu mwaka jana ulikuja na mafundi wa mjini. Mliuzungushia mti jukwaa la saruji, mkalifunika kwa marumaru, mkaweka uzio wa chuma na jiwe lenye herufi nyekundu: zawadi ya Luo Zhengkun kwa mama yake. Fataki zikalia, nguruwe akachomwa, mwenyekiti wa kijiji akahutubia mpaka nyama ikapoa. Bibi alilia, ukadhani ni furaha. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Alikuwa akininong'oneza kuhusu mti: "Sasa utanywea wapi?"

Mwaka huu machipukizi yalichelewa, yakaja madogo, yamekuwa manjano pembeni. Matawi ya upande wa korongo hayakutoa kitu. Mti wa porini ambao hakuna mtu aliyeupanda, ambao Bibi aliukuta tayari mzee alipoletwa hapa bibi harusi, umetupa majani yasiyofunika hata ungo mmoja. Nikayanyausha, nikayasokota kwa mikono, nikayavundika chini ya kitambaa kibichi kama siku zote. Unaijua ile saa majani yanapogeuka rangi ya shaba na nyumba nzima ikanukia asali ya porini. Nilikaa nikiingoja. Ilikuja harufu ya nyasi zilizochemshwa.

Baba alionja, akameza, akasema, "Nzuri. Mfungie kaka yangu."

"Baba, kweli hii ni nzuri?"

"Nimesema nzuri. Tumekusomesha ili uje kubishana na kikombe?"

Hapo ndipo hasira iliponishika, na haijaniachia. Baba anajua. Mdogo wako anajua kila kitu, ila hawezi kusema neno ambalo litakuaibisha. Anasingizia mvua, eti ilichelewa, kana kwamba ilichelewa kwetu peke yetu. Mti wa jirani yetu Mama Cui, hapo chini tu, umejaa mpaka wanauchuma kwa ngazi. Na Mama Cui hana simile. Aliniambia mbele za watu: "Mti wenu mmeuvisha viatu vya mjini, mwanangu. Kwenye picha vinapendeza, lakini vinabana!" Wanawake wote njiani wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikajifungia.

Nimewaza sana juu ya upendo wa namna hii, unaotoa kitu kikubwa bila kumuuliza anayepewa. Ulipokuwa huku ulipigwa picha upande huu na upande ule. Hukuinama hata mara moja kuugusa udongo.

Leo asubuhi niliazima nyundo na mtaimbo, nikapanda hadi penye mti. Nilipong'oa bamba la kwanza, baba alikuja mbio, kiatu mguu mmoja.

"Weka chini! Hiyo ni heshima ya kaka yangu!"

"Na huu ni mti wa mama yako!"

"Kaka aliacha shule ili mimi nile. Wewe hukuwepo!"

"Basi mlipe wewe, baba. Usimlipe kwa mti."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alikwenda akaketi juu ya jiwe lenye jina lako, akakunja mikono. "Ukitaka kuvunja, anza na mimi."

Nikavunja upande mwingine. Mchana Bibi alimpelekea bakuli la wali palepale. Kisha akaja kwangu, akachuchumaa, akaanza kuzoa vifusi kwa mikono yake.

Chini ya saruji udongo ni mkavu kama majivu. Mizizi myembamba inavunjika vidoleni kama vijiti. Lakini tumekuta mmoja mnene, na ukiukwaruza, ndani bado ni mbichi. Unapita chini ya jiwe lako. Baba ameuona, akageuza uso. Hajainuka.

Sikuombi pesa wala mafundi. Naomba neno moja: mwambie mdogo wako ainuke. Kwa mtu mwingine yeyote hatainuka. Mvua kubwa zinakaribia, na lazima maji yapate njia. Zikifika nawe umenyamaza, nitamwondoa baba kwa nguvu na kulivunja jiwe mwenyewe. Jina lako likipasuka katikati, nitakwenda kumwomba radhi Babu kaburini. Wewe sitakuomba.

Chai ya mwaka huu nimekufungia yote humu. Ionje kwanza, ndipo unijibu.

Nisalimie sana Mama Mkubwa, na Kaka Junwei na mkewe, na umbusu mtoto wao ambaye bado hatujamwona. Wazee waliotutangulia wakulinde, wakupe maisha marefu, na wakupe masikio.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata leo,

Luo Yanqiu

N.B. Jua linazama na baba bado amekaa juu ya jina lako. Bibi amempelekea koti.