Maji ya Kona Isiyo na Bomba

Jumatatu, 4 Machi
Mke mwenzangu ameanza kazi. Ndivyo ninavyomwita mjukuu wangu tangu azaliwe, na hajawahi kukubali kunipisha. Ni mwanagenzi sasa, katika kampuni inayosimamia jengo letu. Kapita asubuhi kujionyesha: fulana yenye nembo, tochi, funguo tele kiunoni. Nikamwuliza lini amekuwa askari jela.
“Nidharau tu, Bibi. Nitakufungia maji.”

Jumatano, 6 Machi
Kazi yake ya kwanza iko chini ya miguu yangu. Dari ya mshonaji, jirani wa chini, inavuja konani, pale anapotundika nguo za wateja. Gauni la harusi limeingia doa. Kafoka mpaka nikamsikia huku juu: ameomba fundi, wamemletea mtoto wa kujifunza!
Mjukuu wangu akamjibu: “Nitapata maji yanakotoka, shangazi. Nipe wiki hii.”
Nikafunga dirisha.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja na chupa ya rangi ya kijani. Anamimina kidogo kwenye sinki, kidogo bafuni, kidogo chooni, kisha anashuka kutazama dari ya mshonaji. Rangi ikitokea, bomba bovu limejulikana. Haikutokea. Karudi jasho linamtoka. Msimamizi wake anasema juu ya kona ile hakupiti bomba lolote – basi mshonaji anafua humo ndani na kusingizia dari. Jumatatu apewe onyo. Na mwanagenzi asiyeweza kupata maji yanakotoka, hata banda la kuku hafai kulisimamia.
“Labda kweli sifai, Bibi.”
Nikampa chai. Mwalimu mstaafu wa sayansi, najua jibu, nikampa chai.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari hakunificha hali ya moyo wangu. Sitaki kwenda kaburini na hili.
Maji ni yangu. Niliteleza bafuni, nikalala sakafuni mpaka nikapata nguvu ya kutambaa. Tangu hapo bafu naliogopa. Naogea chumbani, juu ya kigoda, ndoo mbele, mkono mmoja kwenye kitanda. Yanayomwagika nayasukuma kwa tambara hadi kwenye kona yenye ufa, yanapotelea humo. Kisha natandika mkeka. Sikuwaza yanakoishia. Baada ya gauni lile – niliwaza, na nikaoga tena.
Mwanangu, baba wa mjukuu, alishasema: nikianguka tena nahamia kwake, hakuna mjadala. Chumba kiko tayari, kizuri, kina pazia jipya. Lakini kule nitakuwa mtu wa kuulizwa amelalaje. Hapa mtu akibisha, mlango naufungua mimi.
Kwa ajili ya mlango huo mshonaji ni mwongo na mtoto hafai.

Jumatatu, 11 Machi
Nilimpigia mjukuu asubuhi nimwambie. Nikaishia kumwuliza kama amekula. Kuogea chumbani kama mtoto mchanga – maneno hayo hayatoki.
Chupa yake aliisahau kwenye sinki langu.
Nikampigia mshonaji, nikamwomba atoe nguo zote kwenye ile kona, aweke beseni.
“Kwani kuna nini, mwalimu?”
Nikasema ukaguzi.
Nikaoga. Kisha nikamimina rangi yote iliyobaki kwenye maji ya ndoo, nikayamwaga taratibu konani. Ufa ukayanywa. Nikakaa kitandani na daftari hili.

Sasa mshonaji anaita huko chini: kijani, njoo uone, kijani! Mjukuu yuko naye.
Funguo zinapanda ngazi. Polepole – si kawaida yake, yeye hupanda mbio.
Mkeka nimeukunja. Kigoda kiko palepale, ndoo iko palepale, sakafu ni ya kijani.
Ana ufunguo wangu. Hautumii. Anabisha.
“Mke mwenza? Upo?”
Nimemwambia asubiri. Naweka kalamu chini nikamfungulie mwenyewe