Marahaba Kabla ya Shikamoo

Mama,

Kibali cha ukaazi kimetoka. Umefurahi? Ulikitaka kuliko kitu chochote, kuliko hata mimi. Haya, kiko mezani, kikadi chenye picha yangu nimenuna.

Wamenipa na karatasi ya mambo ya kufanya baada ya kukipata: nikaandikishe anwani manispaa, nimpelekee mwajiri nakala, nibadilishe bima. Sijafanya hata moja. Nimekaa kitandani na koti la kazini, nakuandikia kwa hasira, na usiniambie nipunguze sauti.

Jana nilimpigia mama mdogo Zubeda kumpa habari. Akalia. Nikadhani ni furaha. Kumbe sasa ameruhusiwa kusema. "Mwanangu, dada katutoka, leo wiki ya sita. Alituapisha tusikwambie mpaka upate kadi."

Wiki sita! Na kila Ijumaa napata sauti yako kwenye simu: "Marahaba mwanangu, umekula?" Nikipiga mwenyewe, naambiwa umelala. Ulizirekodi zote siku moja, ulipoona hupati nafuu, ukamwachia mdogo wako azitume moja moja. Nyuma yako kinu cha jirani kinatwanga, Ijumaa zote kinatwanga vile vile. Nami mjinga nikasema jirani huyu hachoki! Unaitikia marahaba kabla sijakuamkia, na bado sikushtuka.

Najua utakavyojitetea. Ningetoka huku kabla ya jibu, maombi yangeharibika. Najua pia kwetu Muheza aliye mbali hashtuliwi. Habari ya msiba hutolewa kwa vipande, kwanza anaumwa, kisha kazidiwa. Mimi hata hivyo vipande mlininyima.

Nani alikuosha, mama? Mtoto wako wa kike ni mmoja tu. Kazi yangu huku Ujerumani ni kuogesha vikongwe, nawajua mpaka vidole vya miguu. Siku ulipolazwa kwenye kitanda cha maiti nilikuwa namkausha mgongo mama wa mtu, namwimbia. Wewe ukaoshwa na majirani. Hilo umenidhulumu, na sijakusamehe.

Ulikuwa ukinimenyea chungwa, ganda linaning'inia refu, unasema likikatika safari haifiki. Ungeliacha likatike.

Kesho nitakwenda manispaa. Si kwa kukufurahisha. Kadi hii inaniruhusu kutoka na kurudi, na jambo la kwanza nitakalofanya nayo ni kutoka. Nikishuka stendi ya Muheza sipiti nyumbani, naenda moja kwa moja makaburini. Nitakuombea dua, maana haki yako ni haki yako. Kisha nitakugombeza mpaka nichoke.

Mama mdogo anasema zimebaki sauti mbili hazijatumwa. Nimemkataza asizitume. Atanipa simu yake hapo hapo kaburini. Nitasema shikamoo kwanza, kama ulivyonilea, ndipo nibonyeze, ili safari hii marahaba yako ije baada ya shikamoo yangu.

Mungu akulaze pema, mama. Nakuja.

Mwanao,
Mwanaidi