Kaskazini Si Kaskazi

Jumapili. Joto la leo halina adabu. Vioo vya madirisha vinatoka jasho kwa nje, na hapa International City, Dubai, hata paka wamejificha chini ya magari.

Nami nimekaa napanga safari ya theluji.

Nataka twende Norwei mwezi wa Februari, tukodi gari, mimi niendeshe, tufuate barabara ya pwani mpaka tuione ile mianga ya kijani inayocheza angani. Ramani nimeichora mpaka vituo vya chai. Aliyekosekana ni abiria.

Mume wangu Bakari anafanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu, kule Dubai Investments Park. Zamu nzima yumo ndani ya friza. Nilipomweleza wiki iliyopita alinitazama, akasema, "Mke wangu, mimi nalipwa kukaa kwenye baridi. Wewe wataka nitumie likizo yangu kuifuata?"

Kisha akavaa viatu, akaenda zamu. Na Bakari akishasema, khalas, mjadala umekwisha.

Niliumia, sitaficha. Mimi nikirudi jioni kutoka kazini kwangu saluni, yeye ndio kwanza anatoka kwenda zamu. Mianga naitaka, lakini zaidi namtaka yeye, siku kadhaa ndani ya gari moja, tugombanie njia kama watu waliooana.

Mama naye hakunisaidia. Nilimtumia ujumbe wa sauti Mombasa kwamba twataka kwenda kaskazini Februari. Kwake Februari ni kaskazi, msimu wa joto kali pwani, basi akajibu: "Kaskazini, na kaskazi hiyo? Mtaiva na jua, mwanangu! Bebeni leso nyepesi." Nilicheka mpaka machozi, nikamsikilizisha Bakari. Hakucheka. Kumbe alikuwa akiwaza.

Leo asubuhi karudi na mfuko mkubwa. Ndani mna koti la friza, saizi yangu, kaliomba kwa msimamizi wake. Akawasha AC mpaka mwisho, akanivisha, akafunga zipu hadi kidevuni.

"Mamako asikudanganye, huko kaskazini hakuna kaskazi," akasema. "Mimi baridi naijua. Mgeni ni wewe. Yalla, anza mazoezi."

Sikumuuliza kama amekubali. Bakari wangu si mtu wa kusema ndiyo.

Sasa kalala. Naandika haya jikoni, ambako AC haifiki, koti mwilini, jasho lanitiririka mgongoni.

Silivui ng'o.