Tope kwenye Ndoo ya Waridi

Jumatatu, 3 Machi
Uani hapakanyagiki. Kompyuta mbovu, simu zilizokufa, redio zisizo na mgongo – zote zangu! Mama mkwe kasema wazi mbele ya mwanawe: mpaka Jumamosi aione kwa macho yake dhahabu ninayosema imo ndani, la sivyo mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu azizoe zote. Mume wangu akajikuna kichwa tu. Mwanamume yule! Haya, tutaona.

Jumatano, 5 Machi
Pini za bodi za kompyuta, zile zenye rangi ya dhahabu, zimeyeyuka kwenye tindikali. Nikatia unga wa kutenganisha alionipa sonara. Maji yakabaki na kijani chake kizuri, chini likatulia tope la kahawia. Nikajua uchafu umejitenga. Maji nikayatia chupani. Tope nikalimwaga kwenye ndoo lilimopandwa waridi, maana mtaro umeziba. Nina dhahabu chupani!

Alhamisi, 6 Machi
Sonara kaiangalia chupa, kauliza tope liko wapi. Nimelimwaga, nikamwambia. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe dhahabu ikiwa unga haing'ai hata kidogo, utadhani tope! Chupani nimebeba shaba tupu.
Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Nimeitoa! Kwa mikono yangu mwenyewe! Na sonara anasema dhahabu haiozi, popote ilipomwagwa ipo.
Ipo kwenye ndoo ya waridi. Waridi alilopanda marehemu baba mkwe. Mama yangu wee.

Ijumaa, 7 Machi
Waridi limenyauka. Mama mkwe akauliza nani kalimwagia nini. Nikasema yote. Akaingia chumbani. Nikamsikia akimpigia simu mwenye mkokoteni – kesho asichelewe.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika mbio, nimetumwa kitambaa cha kuchujia.
Nimeamka nikamkuta mama mkwe uani, kajifunga kibwebwe, glavu zangu mikononi! Waridi kaling'oa, kalisuuza mizizi, kalihamishia kwenye udongo mpya. Huenda likashika, huenda lisishike. Udongo wa zamani wote kwenye beseni. Nikamwamkia. Akasema nisisimame kama nguzo, nilete maji. Eti marehemu naye alikuwa na vichaa vyake, na yeye mkewe akaishi navyo.
Tukatia maji, tukazungusha, tukamwaga polepole. Tukarudia. Mgongo unauma, moyo unaruka! Mwisho, chini kabisa ya beseni – kamstari ka kahawia, kembamba. Dhahabu au udongo tu? Mpaka sonara akaweke motoni.
"Hodi!" Mwenye mkokoteni, langoni.
Mama mkwe hakuinua hata kichwa.
"Mwambie asubiri," akasema. "Na umuulize, mkwe wangu, huko anakopita – simu mbovu hazipo?"