Nani Atamshusha Bibi

Jumapili, 19 Mei

Shule imekwisha. Joho la kukodi, kofia iliyonibana, picha mbele ya ghala la mahindi. Wageni walikula nyama ya nguruwe na saladi ya jeli ya kijani ndani ya karakana ya trekta. Baba alikuwa ameifagia tangu asubuhi. Kila mtu aliniuliza, "Sasa utafanya nini, Janna?" Nikasema bado naangalia. Ndilo jibu langu kwa kila kitu.

Ukweli ni kwamba nitakaa nyumbani na Bibi Arlys. Nyonga yake ilivunjika vuli iliyopita. Anatembea kwa fremu ya chuma ya kushikilia — jikoni hadi kitini, kitini hadi jikoni. Mama ana zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee mjini. Lazima mtu abaki.

Alasiri radi ilinguruma magharibi. Baba akaacha keki mezani akatoka. Wanaume wote wakamfuata, wakasimama uwanjani mikono mfukoni, nyuso juu. Ndivyo ilivyo kwetu. Wingu baya likija, wanawake huita watoto ndani na wanaume hutoka nje kulitazama.

Jumatano, 22 Mei

Mkutano kanisani, ukumbi wa chini. Kaunti imemtuma mama mmoja wa idara ya dharura, Bi. Dreesen, na mabango yake. Kila nyumba iwe na maji, tochi, redio ya betri, viatu karibu na kitanda. Kila mtu ajue pa kujificha kimbunga kikija. Mzee Harlan akauliza kama bia inahesabiwa kuwa maji. Watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

Kisha Bi. Dreesen akauliza ni nani atakayehitaji msaada wa kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba king'ora kikilia. Inueni mikono tu, alisema, hakuna aibu.

Hakuna mkono hata mmoja. Na safu nzima ya mbele ilikuwa ya fremu na mikongojo! Bibi aliangalia kikombe chake. Mkono wangu nilikuwa nimeukalia. Niliutoa. Nikaushika kwa mkono wa pili.

Baadaye jirani yetu wa kusini, Bi. Ione Dietz, alimjia Baba. "Darwin, dhoruba ikija wewe utakuwa kilimani na redio ya zimamoto, ukiwatazamia watu kimbunga. Mimi na Gary tuje tumshushe mama yako."

"La, la. Msijisumbue."

"Si usumbufu. Tuko hapo tu."

"Mna nyumba yenu ya kuangalia, Ione."

Hapa huwa inakuja mara ya tatu. Kwetu mtu akikupa kitu unakataa. Anarudia, unakataa kwa sauti ndogo. Anarudia tena, ndipo unasema haya basi, kama kweli si taabu. Hata kwa kipande cha mwisho cha keki! Baba alikuwa ameshaanza kulegea — nilimwona. Lakini Gary akapiga honi nje kwenye pikapu. Bi. Ione akasema, "Sawa, mnajua tulipo," akaenda.

Garini nikauliza kwa nini tusingekubali tu. Baba akasema, "Angetaka kweli, angeuliza tena."

Bibi akadakia kutoka nyuma: "Na mimi si gunia la mbegu la kubebwa na Gary Dietz."

Jumamosi, 25 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimesafisha chumba cha chini. Mitungi ya matango ya siki, magunia ya chumvi, buti za Babu ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa. Nimeweka viti, maji, blanketi, tochi, redio. Viatu vya Bibi nimevipanga chini ya kiti chake.

Tatizo ni ngazi. Za mbao, zimesimama wima, zinapinda katikati. Mtu mmoja tu anapita. Babu wa Baba alizijenga, na bila shaka hakuwaza kwamba watu huzeeka.

Baba alichungulia. "Pazuri. Ungeweka na kapeti."

"Na Bibi?"

"Mlaze kwenye beseni la bafuni, umfunike godoro. Watu wamepona hivyo."

Bafu letu lina ukuta wa nje. Na dirisha. Baba analijua dirisha hilo, alilitia mwenyewe. Akaenda kulisha ndama.

Jumatano, 5 Juni

Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya kujaribu king'ora cha mjini. Saa nne asubuhi, kama kawaida. Nikamwambia Bibi tujaribu na sisi.

Alishuka ngazi ya kwanza. Ya pili akaganda. Alishika reli kwa mikono yote miwili, nikamwambia achia mmoja. Vidole vilikataa. Mimi nyuma nimemshika kiunoni, sina nguvu ya kumzuia wala kumvuta. "Nirudishe," alisema. "Nirudishe, nirudishe." King'ora kilinyamaza muda mrefu kabla hatujafika juu.

Tukakaa sakafuni jikoni kama watoto.

"Kama ng'ombe anayekataa kupanda lori," akasema, akacheka. Halafu hakucheka. "Siku hiyo ikija, wewe shuka."

"Siwezi kukuacha."

"Usinijibu. Mimi nimekula viazi vya kutosha duniani."

Nilimenya viazi.

Alhamisi, 6 Juni

Mama nilimpata usiku, ametoka kazini, miguu yake ndani ya maji ya moto. Zamu nzima anawainua wazee wa watu wengine. Nikamweleza kuhusu ngazi. Akafumba macho. Zamu hazibadilishwi, alisema, ameshauliza. Kisha: "Ungekuwa unaongea na watu, Janna, ingekuwa rahisi zaidi."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno hilo bado nalisikia.

Ijumaa, 7 Juni

Nilishika simu. Nikaiweka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia Bi. Ione!

Nilisema yote kwa pumzi moja. Kwamba Bibi hawezi kushuka, mimi siwezi kumbeba, Baba huwa kilimani, tafadhali njooni.  

"Mpenzi," akasema, "mimi nilidhani hamtutaki. Gary aliniambia niache kujipendekeza." Kisha akapaza sauti ndani ya nyumba: "Gary! Wanatutaka!" Akasema king'ora kikilia tu, watakuwa njiani. Hawatangoja kupigiwa.

Bibi hakuniongelesha hadi chakula cha jioni. Baba aliuliza, "Umewaomba?" — kama kwamba nimeiba. Akatoka kuangalia oili ya pikapu ambayo aliiangalia jana.

Lakini wakati wa kulala Bibi akasema, macho ukutani: "Kama Gary atanibeba, nitafutie soksi zisizo na tundu."

Leo nitalala vizuri kuliko wiki zote.

Jumanne, 11 Juni

Joto la kukaba. Ng'ombe wamejikusanya kwenye kona moja ya uzio. Mama ameenda kazini. Mbingu upande wa kusini-magharibi ina rangi ya maji ya bwawa, na hakuna jani linalotikisika. Baba ameitwa. Alikuja jikoni na buti zake za zimamoto, akambusu Bibi kichwani, jambo ambalo huwa hafanyi. Akaniambia, "Ione anakuja, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema. "Vizuri."

Jioni

Naandika jikoni, mlangoni pa ngazi, ili mikono iwe na kazi.

King'ora kimelia. Si Jumatano. Bi. Ione alipiga: "Tumetoka!" Nikamvisha Bibi soksi. Tukakaa kwenye mlango wa chumba cha chini tukingoja, fremu pembeni. Umeme ukakatika. Redio ya pili ya zimamoto, ya hapa nyumbani, ina betri, iliendelea kukwaruza, mara sauti ya Baba. Sauti yake ya kazini, pole pole, kama anasoma bei za mahindi.

Alisema mkonga wa kimbunga umegusa ardhi. Mpana. Uko kusini ya makaburi, unaifuata barabara ya changarawe kuelekea kaskazini.

Ni barabara yao. Hakuna nyingine ya kuja kwetu.

Baba hajui kwamba tayari wako barabarani. Redio hii inasikia tu, haisemi. Nimempigia, laini haipatikani. Nimempigia Bi. Ione. Inaita. Inaita.

"Waambie warudi!" Bibi alisema. "Waambie tuko sawa!"

"Hawapokei, Bibi."

Akaninyang'anya simu, akasikiliza ikiita. Akanirudishia. Halafu akakaa chini kwenye ngazi ya kwanza, mwenyewe, kwa makalio, mguu mbaya umenyooka mbele. "Tangulia. Nikianguka nianguke juu yako."

"Bibi, nyonga —"

"Nikifika chini mwenyewe hawana haja ya kuja hapa. Tangulia!"

Ngazi kwa ngazi. Aliuma mkono wa sweta yake asipige kelele. Tulifika penye kona, mguu ukakataa kukunja. Yuko hapo sasa, amejibana ukutani, anahema. Kupita hawezi, kurudi hawezi. Amenituma juu niangalie. Ilibidi nimruke.

Kwenye dirisha la jikoni giza limeshafika shamba la soya. Kuna ngurumo isiyokatika. Si radi. Naona taa za pikapu yao kwenye daraja dogo la barabara hiyo. Nilizipungia tochi: rudini, rudini. Wao watadhani nawaita.

Zimesimama. Haziji, hazirudi.

Bibi anaita kutoka kwenye kona. Anasema nifunge mlango nishuke.

Nikifunga sitaziona taa zao.