Kifuniko Tumekwenda Nacho

Wifi,

Mboga zifunike kwa sahani. Kifuniko cha sufuria tumekwenda nacho kliniki, usicheke! Alfajiri, gizani, nilikisikia kikizunguka sakafuni: ngrii, ngrii. Alikuwa binti yangu. ~~Nikamnyang'anya.~~ Hapana, nilitaka kumnyang'anya, kisha nikajiuliza anasikia nini, nikalaza sikio sakafuni kando yake.

Mtaalamu alisema tulete kitu anachokipenda, achunguze kama ni usonji. Wewe unasema nimemdekeza. Haya, mbona mlango ukigongwa anaziba masikio? Nataka asaidiwe mapema. Na jana ulipomwita bubu, nilikumezea tu.

Nguo zikikauka, zianue.

Wifi yako, mama yake

Nimesahau: pale sakafuni nilipoanza kumuuliza maswali, aliniziba mdomo kwa kiganja, akasema, “Mama, usiongee.”