Wimbo wa Tatu

Buswelu, Mwanza

Kaka Projest, shikamoo.

Sisi wazima. Matokeo yangu ya kidato cha nne bado. Kwenye simu nilikudanganya: mwanzoni albamu yako haikunipendeza. Nyuzi za enanga ya babu pamoja na midundo ya kompyuta, niliona kelele tu. Lakini niliirudia kila siku nikichagua mchele, na sasa wimbo wa tatu naupenda kweli.

Tangu uache chuo kwa ajili ya muziki, baba hataji jina lako. Jana spika iliisha chaji. Akaita kutoka uani, "Kokulinda, mbona umezima? Ule wa tatu haujafika."

Nilichomeka waya haraka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Enanga haipigwi hivyo. Mwambie aje nimwoneshe."

Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Kokulinda